Wingu Limeshika Nini?

Kihisi kilisoma 3.

Mvua ilikuwa imenyesha Kisumu usiku kucha, ile mvua ya ziwa inayotanguliwa na radi upande wa Dunga, ikapiga mabati mpaka karibu na alfajiri. Saa mbili asubuhi wanafunzi wa klabu ya sayansi walisimama barazani wakinakili namba kutoka kwenye skrini: mikrogramu 3 za chembechembe katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usizidi 5. Jioni za kiangazi, majiko ya mkaa yakiwashwa na miwa ikichomwa huko ukanda wa Muhoroni, kisanduku hichohicho hutuonyesha namba ambazo sipendi watoto wazizoee. Kwa hiyo ile 3 ilishangiliwa.

Msichana mmoja wa kidato cha pili hakushangilia. Alikuwa ameegemea nguzo akitazama mteremko wa Nandi. Wingu jeupe, zito, lilikuwa limelala juu ya ukingo wake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba tone la wingu haliundiki bila chembe ya kushika. Sasa hewa ikiwa haina kitu, lile wingu limeshika nini?"

Kengele ya somo la kwanza ikalia.

Nimetembea na swali hilo kwa wiki nyingi. Nimelibeba kwenye matatu za kwenda Nandi Hills, nimelala nalo, nimeamka nalo. Naandika leo kwa sababu jibu limenipeleka nisikotarajia, na kwa sababu linahusu hewa iliyo juu ya vichwa vyetu sisi tunaoishi kati ya ziwa na Bonde la Ufa.

## Jicho la leza

Nilianza na kisanduku chenyewe. Jumamosi moja nilikifungua kwa bisibisi juu ya meza ya maabara. Ndani hamna mengi: feni ndogo, kijia cha plastiki kinachojipinda, leza nyekundu, na jicho la kupokea mwanga lililowekwa ubavuni mwa mwale. Buibui alikuwa ameanza kutanda utando kwenye tundu la kuingizia hewa. Niliutoa kwa brashi ya kuchorea. Feni huvuta hewa, chembe hukatiza mwale, mwanga hutawanyika, jicho huhesabu mimweko. Kwa bei yake ni kifaa cha maana, na sitaki mtu yeyote akitupe baada ya kusoma makala hii.

Lakini chembe iliyo ndogo kuliko nanomita 300 hivi (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita) haitawanyi mwanga wa kutosha kuonwa na jicho hilo. Inapita tu. Feni inaitoa upande wa pili na namba haitikisiki.

Halafu kuna suala la uzito. Uzito hufuata mchemraba wa upana, kwa hiyo chembe moja ya mikromita 2.5, yaani nanomita 2,500, ina uzito sawa na chembe 15,625 za nanomita 100. Nikapiga hesabu nyingine pembeni mwa daftari. Tuseme kila sentimita moja ya ujazo ya hewa ina chembe 1,000 za upana wa nanomita 50, idadi ambayo ni zaidi ya inayohitajiwa na wingu la kawaida. Uzito wake wote katika mita ya ujazo hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya mikrogramu.

Chembe bilioni moja katika kila mita ya ujazo, na skrini inasema hakuna kitu.

## Chupa ya soda

Jumatatu nilileta darasani chupa ya plastiki ya lita mbili, maji ya vuguvugu kidogo chini, kifuniko kimekazwa. Ukiibana chupa kwa mikono miwili kisha ukaiachia ghafla, hewa ya ndani inatanuka na kupoa, na mvuke unatafuta pa kutua. Walimu wa fizikia wanajua kinachofuata: unatia moshi wa njiti ya kiberiti, unabana, unaachia, na ukungu mweupe unajaa chupa nzima. Watoto hupiga makofi. Huwa tunasema kwamba bila moshi hakuna ukungu, kisha tunaendelea na somo.

Safari hii nilitaka waitazame ile hatua ya bila moshi.

Tuliweka karatasi nyeusi nyuma ya chupa na kuimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Hewa tuliyoifungia ilikuwa hewa ya darasa, asubuhi nyingine ya baada ya mvua, kihisi kikisoma 4. Nikabana. Nikaachia.

Kulikuwa na ukungu.

Ulikuwa hafifu mno, ulionekana katikati ya mwale wa tochi tu, vitone vikizunguka polepole na kutoweka mara chupa ilipobanwa tena. Lakini ulikuwepo, na kila mmoja alipita mbele akauona kwa macho yake. Chupa ya soda iliona kilichoishinda leza.

Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Jean Coulier alionyesha kwamba hewa ya kawaida ikitanuliwa kwenye chombo chenye unyevu hutoa ukungu, na hewa iliyochujwa haitoi. Baadaye kidogo John Aitken wa Uskoti akaligeuza jambo hilo kuwa kifaa cha kuhesabia. Aliingiza hewa kidogo kwenye chemba yenye unyevu, akaitanua, kila chembe ikavikwa maji mpaka ikawa tone, matone yakaanguka juu ya kioo kilichochorwa miraba midogo, naye akayahesabu kwa lenzi. Vihesabio wanavyotumia watafiti leo hufuata wazo lilelile, ila mara nyingi mvuke ni wa butanoli, aina ya alkoholi, na anayehesabu matone ni leza. Chembe ya nanomita 3, ambayo hakuna mwanga wa kawaida unaoweza kuikamata, inalishwa mvuke mpaka inanenepa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo wingu la Nandi lilikuwa na kitu cha kushika. Sehemu hiyo ya swali iliisha siku hiyo. Iliyobaki ndiyo iliyonikosesha usingizi: ikiwa mvua ya usiku kucha imeosha anga, hivyo vitu vidogo vimetoka wapi?

## Mawe ya Kericho

Jibu lililo karibu ni ardhi. Vumbi hupanda, moshi hupanda, chavua hupeperuka, mawimbi ya bahari hurusha chumvi. Na sisi wa magharibi mwa Kenya tunayo hadithi yetu yenye nguvu ya kuunga mkono jibu hilo.

Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza duniani kwa mvua ya mawe. Anayelima chai huko hahitaji kuelezwa. Mawe ya nusu saa huacha michai imechanika, bila hata tawi moja linalofaa kuchumwa. Miaka ya 1960 watu walijaribu kuyapiga mawingu kwa roketi zenye baruti, na baadaye ndege zikatawanya iodidi ya fedha ndani yake. Kisha akaja mtafiti Russell Schnell, ambaye badala ya kutazama juu alitazama chini, kwenye majani yaliyooza chini ya michai. Mwaka 1982 yeye na Suzan Tan-Schnell walichapisha matokeo yao: takataka za majani ya chai ya Kenya ni chanzo cha mbegu za barafu. Ndani yake mna bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, ambaye ngozi yake hulazimisha maji kuganda kwenye baridi ya nyuzi chache tu chini ya sifuri. Tone safi, lisilo na mbegu ya barafu, linaweza kubaki maji mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri.

Nilikwenda kuyaona hayo majani. Nilichutama kati ya mistari ya michai, nikachota kiganja kimoja: meusi, yenye unyevu, mishipa imebaki kama wavu baada ya nyama ya jani kuliwa, harufu ya udongo na chachu kidogo. Mama mmoja aliyekuwa akichuma alisimama na kikapu mgongoni.

"Umeangusha nini hapo, baba?"

"Natafuta mahali mvua ya mawe inapoanzia, mama."

"Tafuta vizuri basi. Ile ya mwezi uliopita ilitumaliza."

Alisema hivyo bila kucheka, akaendelea na mstari wake.

Nilishuka Kisumu nikiwa karibu kuridhika. Mbegu hutoka ardhini, upepo unazipandisha, wingu linazipokea. Kilichonizuia ni idadi. Mbegu za barafu ni adimu mno: kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, lita nzima ya hewa inaweza kuwa na moja hivi. Wingu la kawaida lina matone mamia katika kila sentimita moja ya ujazo, yaani laki kadhaa kwa lita. Bakteria wa majani ya chai anaweza kueleza jiwe la barafu. Hawezi kueleza wingu.

Na wanaokokotoa mambo haya kwa modeli za dunia nzima wamefikia makadirio yaliyonifanya niweke kikombe chini. Karibu nusu ya mbegu zinazoshikwa na mawingu hazikuinuliwa kutoka mahali popote. Hazikuwa vumbi wala moshi wala chumvi. Zilizaliwa humohumo hewani, kutokana na gesi.

## Kuzaliwa

Jua likichomoza, mwanga wake huvunja ozoni, na oksijeni inayotoka hapo ikikutana na mvuke wa maji huzaa haidroksili, molekuli ndogo yenye hasira ambayo haidumu hata sekunde moja kabla ya kuvamia kitu kingine. Huku kwetu kwenye ikweta, penye jua kali na unyevu mwingi, haidroksili hutengenezwa kwa wingi. Ikikutana na dioksidi ya salfa, mwisho wa mfululizo huo ni asidi ya sulfuriki. Kiasi chake ni kidogo kiasi cha kutia shaka: chini ya molekuli moja katika kila molekuli trilioni za hewa. Lakini ni molekuli zinazopenda kushikana.

Mbili zinagongana, zinashikana. Ya tatu inajiunga. Huo ni mwanzo wa kishada.

Vingi vya vishada hivyo hufa papo hapo. Kitu kikiwa kidogo sana, uso wake umepinda mno, na molekuli iliyo kwenye uso uliopinda ina majirani wachache wa kuishikilia; inaruka ikaenda zake. Chini ya nanomita 1.5 au 2, kusambaratika ni rahisi kuliko kukua. Kishada kinahitaji kitu cha kukikaza, na hapo ndipo amonia inapoingia, kwa sababu asidi na besi hushikana kwa nguvu.

Haya yamepimwa kwa uangalifu wa ajabu karibu na Geneva, kwenye jaribio la CERN, maabara ya fizikia ya nchi za Ulaya, liitwalo CLOUD, lenye tangi la chuma cha pua la mita za ujazo 26 lililosafishwa mpaka likakaribia kutokuwa na chochote. Mwaka 2011 timu inayoongozwa na Jasper Kirkby ilitangaza kwamba asidi ya sulfuriki pamoja na amonia havitoshi kueleza uzazi wa chembe unaoonekana karibu na ardhi. Mwaka 2013 wakaonyesha kwamba amini, ndugu za amonia, zikiwepo kwa molekuli chache tu katika trilioni, huongeza kasi ya uzazi zaidi ya mara 1,000. Na mwaka 2016 likaja lililowastaajabisha wengi: mivuke ya miti, ile ile inayofanya msitu wa misonobari unukie, ikishachomwa na ozoni na haidroksili inaweza kuzaa chembe peke yake, bila asidi ya sulfuriki kabisa.

Nilipofika hapo niliacha kuwaza Geneva. Nikaanza kuhesabu vya kwetu.

Amonia tunayo: ng'ombe, samadi, mbolea ya urea inayomwagwa kwenye mahindi na miwa. Tunalo Ziwa Nakuru, lenye magadi mengi na pH inayokaribia 10, na maji ya namna hiyo hayaishikilii amonia ya kinyesi cha ndege, huiachia hewani. Mwaka 2025 watafiti walichapisha vipimo kutoka kituo cha Marambio, Antaktika, vinavyoonyesha kwamba amonia na amini kutoka kwenye kinyesi cha pengwini huchochea kuzaliwa kwa chembe zinazosaidia kuunda mawingu. Tangu nisome hayo, sijaweza kutazama picha ya flamingo wa Bogoria au Nakuru bila kuwaza kilichoko juu yao.

Salfa nayo tunayo. Mvuke wa ardhini wa Menengai na Olkaria hutoka na sulfidi ya haidrojeni, ile harufu ya yai viza, ambayo hewani hugeuka dioksidi ya salfa na baadaye asidi. Dizeli ilichangia sana zamani. Mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli inayouzwa Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni.

Na miti tunayo, ingawa habari ya miti iligeuka kuwa ngumu kuliko nilivyotaka.

## Kukua au kumezwa

Kuzaliwa ni hatua fupi. Kuishi ndiko kugumu, na sehemu hii ndiyo iliyonishika muda mrefu zaidi.

Chembe ya nanomita 3 haifai kitu kwa wingu. Wingu linataka mbegu ya nanomita 50 mpaka 100. Kutoka 3 mpaka 100 uzito unapaswa kuongezeka mara 37,000 hivi, na chakula chenyewe ni mivuke adimu inayotua molekuli moja moja. Mwendo wa kawaida ni nanomita moja mpaka kadhaa kwa saa. Muda wote huo chembe changa inarukaruka huku na huko, na kila ikigusa chembe kubwa inamezwa. Ni vifaranga wa siku moja katika uwanja wenye mwewe: wanaofika ukubwa wa kuku ni wachache.

Sasa fikiria jioni ya moshi. Miwa inachomwa, majiko yamewashwa, masizi yanaelea kila mahali. Chembe hizo kubwa hufanya mambo mawili kwa pamoja: zinameza vishada vichanga, na zinafyonza mivuke ambayo ingevilisha. Uzazi unakaribia kusimama. Kisha inyeshe usiku kucha, anga ioshwe, jua litoke saa moja. Mivuke inayotengenezwa asubuhi hiyo haina pa kutua.

Hapo ndipo inapoanza kushikana yenyewe kwa yenyewe.

Ile 3 tuliyoishangilia barazani, tuliyoisoma kama utupu, ndiyo hali inayofaa zaidi kwa chembe mpya kuzaliwa.

Sentensi hiyo niliizunguka kwa siku nyingi kabla ya kukubali kuiandika, kwa sababu kuna ushahidi unaoipinga. Huko Beijing na Delhi, chini ya moshi mzito, chembe mpya huzaliwa pia, na kwa hesabu zote zilipaswa kumezwa. Mwaka 2020 jaribio la CLOUD lilitoa sehemu ya maelezo: kwenye baridi, asidi ya nitriki na amonia huweza kuganda juu ya chembe changa na kuzikuza kwa kasi kubwa mno kwa dakika chache, zikavuka hatari. Lakini mbinu hiyo inataka hewa ya nyuzi 5 au chini yake. Adhuhuri ya Kisumu ina nyuzi 30. Kwetu, usafi bado ndio mlango.

Kuhusu miti, nilikuwa na jibu moyoni kabla ya kusoma, kama alivyo nalo kila mtu aliyekua karibu na msitu. Frits Went aliandika mwaka 1960 kwamba ule ukungu wa samawati unaoonekana juu ya misitu na milima siku za joto hutokana na mivuke ya mimea. Huko Hyytiälä, Ufini, katika msitu wa misonobari ambako watafiti wamepima mfululizo tangu 1996, chembe huzaliwa asubuhi na kukua mchana kutwa, na mchoro wake una umbo la ndizi, nukta za nanomita 3 zikipanda taratibu mpaka jioni. Nilitaka Kakamega iwe hivyo. Nilitaka kuwaambia wanafunzi kwamba msitu wetu unapumua mbegu za mawingu yetu.

Kakamega si msitu wa misonobari, ni kipande cha mashariki cha misitu ya Kongo. Miti mingi ya majani mapana ya nchi za joto hutoa zaidi isoprini, na isoprini ikiwa nyingi karibu na ardhi huzuia uzazi: inaiteka haidroksili, na kuvuruga kazi ya mivuke mizito ambayo ingeshikana. Amazon imepimwa kwa miaka mingi, na chini ya miti yake chembe mpya za namna hii huonekana kwa nadra. Lakini mawingu yapo, tena mengi.

Watafiti walilala na fumbo hilo kwa muda mrefu. Jibu lilikuwa juu. Mawingu makubwa ya radi hufyonza hewa ya msituni kama bomba na kuitema kilomita 8 mpaka 15 angani, penye baridi kali na hewa iliyooshwa. Mwaka 2024 tafiti mbili, moja ya ndege juu ya Amazon na nyingine ya tangi la CLOUD, zilionyesha kwamba isoprini iliyopandishwa usiku huchomwa jua linapochomoza, na kwa msaada wa oksidi za nitrojeni zinazotengenezwa na radi, na kiasi kidogo tu cha asidi ya sulfuriki, huzaa chembe kwa wingi usioweza kutokea chini. Hizo hushuka polepole kwa siku kadhaa zikikua njiani.

Isoprini inayozuia uzazi mizizini ndiyo inayouwasha kileleni.

Msitu, radi, jua la ikweta. Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na magharibi yake liko bonde la Kongo. Viungo vyote vipo, tena kwa wingi.

## Jana, mahali pengine

Nilirudi darasani na hesabu moja ubaoni. Chembe ikizaliwa saa nne asubuhi na kukua nanomita 3 kwa saa, itafika nanomita 50 baada ya saa 16 hivi. Upepo wa mita 5 kwa sekunde katika saa hizo hubeba hewa karibu kilomita 290. Hiyo inazidi kidogo umbali wa Nairobi hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka.

Kwa hiyo wingu lililolala Nandi asubuhi ile halikuwa limeshika chembe za asubuhi ile. Hizo zilikuwa bado changa mno. Lilishika zilizozaliwa jana yake au siku kadhaa nyuma: nyingine labda upande wa pili wa Bonde la Ufa, zikaletwa na pepo za mashariki mpaka zilipokutana na upepo wa ziwa juu ya milima, nyingine zimeshuka kutoka juu, zao la dhoruba za Kongo au za ziwa lenyewe, nyingine ni moshi wa majiko yetu ambao mvua haikuumaliza. Na zinazozaliwa leo juu ya Nyando zitatumiwa na wingu la watu wengine.

Yule msichana alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo tukizaa mbegu nyingi tutapata mvua nyingi?"

Hapana, na nilifurahi kwamba aliuliza, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Maji ya wingu ni yaleyale. Mbegu zikiwa nyingi, zinagawana maji hayo, kila tone linabaki dogo, na matone madogo hayagongani kirahisi. Tone la mvua hukusanya vitone kama milioni moja. Wingu lenye mbegu nyingi huwa jeupe zaidi na hurudisha jua zaidi angani, jambo ambalo Sean Twomey alilieleza miaka ya 1970, lakini linaweza kuchelewa kunyesha. Wingi wa mbegu huamua wingu ni la aina gani. Mvua inataka pia mvuke, joto, milima na upepo.

Hilo halipunguzi uzito wa jambo hili kwangu. Tunapobishana kuhusu misitu ya Mau na Kakamega, hoja ni maji ya mito na mvuke wa majani, na ni hoja za kweli. Mezani hapo ningependa liwepo na hili: miti, mifugo, majiko na ziwa vinatunga pamoja mbegu za mawingu, na ukibadilisha kimoja umebadilisha hesabu nzima. Kupanda mikaratusi kilima kizima ni kubadilisha mivuke inayotoka kwenye kilima hicho. Kupunguza moshi, jambo ambalo mapafu ya watoto wetu yanalidai leo, ni kuondoa mwewe uwanjani. Mambo kama haya hayataonekana kamwe kwenye kisanduku kinachopima uzito.

## Kihesabio cha kwanza

Nikipewa kihesabio kimoja cha butanoli na kipimio cha ukubwa wa chembe, najua ningekiweka wapi: ukingoni mwa msitu wa Kakamega, upande ambao upepo ukibadilika unaleta moshi wa mashamba ya miwa, na usipobadilika unaleta hewa ya miti. Kenya tayari ina kituo cha kupima kemia ya anga kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, na hapo ni mahali pazuri pa kujua hewa ya mbali. Hiki kingekuwa cha hewa yetu ya chini, ya mashamba na vijiji.

Ningekiwasha kabla ya saa moja asubuhi na kukiacha kipite jioni, hasa siku zinazofuata mvua ya usiku. Mchoro ukianzia nanomita 3 saa tatu au saa nne na kupanda taratibu, basi chembe zinazaliwa hapohapo, karibu na ardhi, na kinachotakiwa ni kujua ni mvuke gani unaozilisha. Zikitokea ghafla zikiwa tayari na nanomita 20 au 30, alasiri, mara tu baada ya upepo baridi wa dhoruba kushuka, basi zimetoka juu, kama zinavyoonekana Amazon. Klabu tayari inaandika kila siku saa ya radi ya kwanza, mwelekeo wa upepo na joto kabla na baada ya mvua, ili kifaa kikija kikute kumbukumbu. Mambo hayo mawili yanaweza kutofautishwa na kifaa kimoja katika msimu mmoja wa mvua ndefu.